Majani ya Mbatata

Bi Mwanakuu alianza kutapika kabla ya adhana ya alasiri, na neno la kwanza alilolitamka alipopata pumzi halikuwa la kuomba maji wala la kumwita mwanawe. Alimshika Mwanaesha, mke wa mwanawe, kifundo cha mkono, akamvuta mpaka sikio la kijana yule likawa karibu na mdomo wake, akamnong'oneza, "Usiseme."

"Nisiseme nini, mama?"

"Wajua."

Mwanaesha alijua. Alisogeza beseni, akatazama kilichomtoka mavyaa yake: maji ya kijani na vipande vya majani ambavyo tui halikuweza kuvificha. Tumbo lake mwenyewe lilikuwa likimsokota tangu alipoosha vyombo, lakini alijikaza kisabuni. Katika nyumba ile mke wa mwana hula mwisho, na mwisho wa leo ulikuwa ukoko wa sima na mboga iliyogandia chunguni. Alikula kidogo kwa sababu kidogo ndicho kilichobaki, na hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yake.

Sebuleni Mjomba Abdulghafur aliita, "Ya Latifu, ya Latifu," kisha ikasikika miguu yake ikikimbilia choo. Yeye alikula sahani mbili.

Mgeni huyo ndiye chanzo cha yote. Abdulghafur alikuwa kaka mkubwa wa Bi Mwanakuu, mtu wa Makupa, mwenye kuja bila kutuma habari na kuketi barazani akiangaza macho kama mnunuzi. Tangu shemeji yake, mume wa Bi Mwanakuu, afe alikuwa akitafuta sababu ya kumhamisha dada yake, nyumba ipangishwe yote, na dada mwenyewe akakae Makupa katika chumba cha nyuma, chini ya amri ya wake wa kakake. Sababu aliyokuwa akiitafuta ni moja tu, aone njaa. Na njaa ilikuwako. Tangu vita vifunge njia ya meli za Burma mchele ulikuwa hadithi, na samaki wa sokoni aliisha kabla mtu hajafika. Asubuhi hiyo jikoni palikuwa na unga wa posho na nazi moja. Badawi, mwana wa nyumba ile, alikuwa ameshakwenda Kilindini kwenye kazi yake ya ukarani.

Bi Mwanakuu alisimama katikati ya jiko, akatazama unga, akatazama nazi. Kisha akatoka uani.

Kule uani, chini ya ukuta wa nyuma, palistawi mbatata. Zilikuwa za Kasyoka, mpangaji wa chumba cha uani, mke wa Kioko wa reli. Kioko alizileta kutoka bara ndani ya kikapu, vimbatata vidogo visivyozidi yai la njiwa, ngozi imekunjana na macho yameanza kuchipua. Bi Mwanakuu alipoviona aliuliza kama kule kwao wamekosa kuku wa kuvila. Lakini Mwanaesha alivipenda. Kasyoka alimwonyesha jinsi ya kuvilaza, jicho likitazama juu, na jinsi ya kuufunika kwa udongo miguuni kila mche unapopanda, ili viazi vipate mahali pa kujificha na jua. Mwanaesha ndiye aliyebeba samadi kwa karai usiku usiku asionekane na watu, kwa kuwa mke wa karani habebi kinyesi cha ng'ombe. Mvua za kusi ziliponyesha majani yakafumka mazito, laini, ya kijani iliyokolea, hata mtu akipita alitamani kuyashika.

Na Pwani nzima, nani asiyekula majani ya kiazi? Matembele ni mboga ya tajiri na maskini. Bi Mwanakuu alikuwa ameyapika tangu utotoni, na hakuona sababu ya kiazi cha kizungu kuwa na tabia tofauti na kiazi kitamu.

"Mama, hizo za Kasyoka," Mwanaesha alisema alipomwona mavyaa yake ameinama anachuma vikonyo. "Akija kutoka foleni ya posho nimuulize kwanza?"

"Umuulize nini?"

"Kama twaweza kuchuma."

Bi Mwanakuu aliinua kichwa kuelekea barazani, akashusha sauti. "Nimuombe mpangaji mboga mimi, na kakangu yuko pale asikia kila neno? Ua ni wangu. Kiazi ni kiazi. Njoo unisaidie, sufuria iko motoni."

Mwanaesha alikwenda akamsaidia. Mboga ilitoa uchungu, nao wakaizidishia tui. Mjomba Abdulghafur alionja, akatafuna polepole, akasema, "Mwanakuu, mboga hii ina ukali wake, lakini yapendeza. Ya wapi?"

"Ya shamba langu la uani," alijibu Bi Mwanakuu, na shingo yake ikanyooka. Akampakulia tena.

*

Badawi alirudi kutoka Kilindini akamkuta mamake hana nguvu za kuinua kichwa na mjombake amelala mkekani rangi imemsawijika. Bi Nana, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa ameshaingia. Yeye dirisha lake lilitazamana na ngazi zao, wala hapakuwa na mtu aliyetapika mtaa ule bila ya Bi Nana kujua.

"Mama, umekula nini?" Badawi alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mboga."

"Mboga gani?"

Bi Mwanakuu alifumba macho. "Ya Kasyoka."

Maneno mawili, na yote mawili ya kweli. Mwanaesha alizidi kumpepea, wala hakuinua macho.

"Kakupa yeye?"

Bi Mwanakuu akaliinamia beseni. Alitapika, au alijitia kutapika. Mwanaesha hakuweza kujua. Badawi hakungoja jibu la pili. Jibu lilitolewa na Bi Nana.

"Mimi nshasema zamani," alisema akiutengeneza mtandio wake. "Wampangisha mtu wa bara uani mwako, wala hujui apandacho, wala hujui apikacho. Sasa haya."

"Mama, twende hospitali," alisema Badawi.

"Siendi."

"Wataka kufa?"

"Niwate hapa hapa. Siendi kuulizwaulizwa na watu."

Badawi alisimama, akashuka ngazi mbili mbili kwenda uani. Mwanaesha alimfuata nyuma, na Bi Nana nyuma ya Mwanaesha, kwa kuwa jambo kama hilo halimpiti.

Kasyoka alikuwa ndiyo kwanza amerudi. Mfuko wa posho ulikuwa bado begani, mtoto wake Ketty mgongoni, naye amesimama juu ya tuta akiangalia vikonyo vilivyokatwa. Aligeuka kabla Badawi hajafungua kinywa.

"Nani amekata mbatata zangu?"

"Umemlisha nini mamangu?"

Kasyoka akatazama tena tuta, akatazama juu ghorofani ambako Mjomba Abdulghafur alikuwa akigumia, na mfuko wa posho ukamtelemka begani.

"Mmekula majani?" aliuliza. "Bwana Badawi, mmekula majani ya mbatata? Hayaliwi hayo! Kwetu hata mbuzi tunamfukuza asiyaguse."

"Mwamsikia?" Bi Nana alidakia kutoka ngazini. "Kumbe ajua!"

"Ulijua ni sumu," Badawi alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, jambo lililomtisha Mwanaesha kuliko makelele. "Ulijua, ukapanda katika ua wa watu, ukanyamaza."

"Ningesema nini? Kwetu hakuna mtu anayekula majani hayo, sikujua kuna mahali watu wanafikiri kuyala. Mtu angeniuliza ningemwambia. Hakuna aliyeniuliza."

"Na ukampa mamangu apike."

"Mimi sijampa mtu mboga!" Ketty alishtuka akaanza kulia. "Nimetoka hapa alfajiri kwenda foleni. Muulize Mwanaesha. Mwanaesha alikuwa hapa. Mwanaesha, mwambie."

Wote watatu wakamgeukia. Mwanaesha aliona macho ya Kasyoka, mekundu kwa jua la foleni, yakimtazama kwa imani kabisa, kama mtu anayenyoosha mkono gizani akijua ukuta upo.

"Mimi nilikuwa jikoni," alisema Mwanaesha.

Haikuwa uongo, wala haikumsaidia mtu. Aliona aibu hata masikio yakamwaka moto.

Kasyoka alimtazama kidogo zaidi. Akaanza kumpapasa mtoto mgongoni.

"Utatoka kabla ya magharibi," Badawi alisema. "Na ushukuru sijaita polisi."

"Niende wapi? Kioko yuko kwenye gari la moshi, hajui lolote. Mji umejaa askari na watu wa bandari, chumba hakuna hata cha kuku. Nitalala wapi na mtoto?"

"Si shauri yangu."

"Aitwe polisi tu," alisema Bi Nana. "Mzee wa watu akifa je?" Akashuka ngazi, akapita mlango wa uani, na dakika ile ile sauti yake ikasikika uchochoroni akimwita mwenzake.

*

Mwanaesha alipanda juu, akaingia bafuni, akafunga mlango, akatapika. Alitapika kwa kujizuia sauti, kisha akajiziba mdomo kwa nguo. Alimwaga maji mpaka kijani chote kikaondoka. Tangu mchana alikuwa akiuficha ugonjwa wake kwa sababu mgonjwa huulizwa, na aliyeulizwa lazima ajibu.

Mambo yalikuwa wazi kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza. Akisema, atamvua nguo mavyaa yake mbele ya kakake, na Badawi hangemsamehe. Angerudishwa kwa nduguye kule karibu na Feri, nyumba isiyokuwa hata na posho ya kutosha wenyewe. Asiposema, Kasyoka angelala barabarani na Ketty, na jina la mlisha sumu lingemfuata kila penye foleni na kila penye bomba la maji. Ni neno moja lililotakiwa.

Alikwenda kwa Bi Mwanakuu. Bi Mwanakuu alikuwa peke yake, amelala ubavu, uso wake umepungua.

"Mama, Kasyoka afukuzwa."

"N'mesikia."

"Afunga mizigo. Mama, sema wewe. Ukisema wewe yatakwisha."

"Nikaseme nini? Kwamba n'meiba mboga ya mpangaji kwa ndaa?" Machozi yalimtoka mwanamke yule mtu mzima, yakapita juu ya pua yakadondoka kwenye mto. "Wamjua kakangu. Atanichukua Makupa leo leo. Nitafia kwenye chumba cha watu, niombe hata maji ya kutawadhia. Nyumba hii niliingia bibi arusi, Mwanaesha."

Mwanaesha alimhurumia. Alimhurumia kweli, akamfuta uso kwa pembe ya leso yake. "Na Kasyoka je, mama? Yeye atakwenda kufia wapi?"

"Yeye kazoea," alisema Bi Mwanakuu. "Hao wazoea kuhama."

Mkono wa Mwanaesha ulisimama. Aliikunja ile pembe ya leso, akainuka, akatoka.

Sebuleni Badawi alikuwa akimnywesha mjombake maji ya limau. Mwanaesha alisimama mlangoni. Alitaka kuanza vizuri, kwa adabu, lakini maneno yalitoka yalivyotaka yenyewe.

"Kasyoka hakumpa mtu mboga. Ilichumwa yeye hayuko."

Badawi aliweka kikombe chini. "Ilichumwa na nani?"

"Na sisi. Mama alichuma, nami nilipika. Nilitaka tungoje tumuulize Kasyoka, mama akakataa kwa kuwa mjomba alikuwa barazani."

"Mamangu kaiba?"

"Mamako hakuwa na mboga ya kumwekea mgeni."

Badawi alimjia mpaka pumzi yake ikamgusa uso. "Neno moya jengine juu ya mamangu, wewe na huyo mtu wa uani mtatoka pamoja."

"Nitatoka," alisema Mwanaesha. Sauti yake ilikuwa ndogo na ilitikisika, lakini ilitoka. "Nami n'meila, bwana. N'meilamba chunguni. N'metapika hivi sasa bafuni. Nikisema uongo nishtaki kwa kaka yangu, lakini usimtoe yule mama na mtoto wake."

Badawi alinyanyua mkono, na Mwanaesha akafumba macho akingoja kofi. Kofi halikuja. Kilichokuja ni sauti ya Abdulghafur, nyembamba, ya mtu aliyechoka kutapika.

"Lete mkono wako, Badawi, uniinue mimi. Twende tukamuulize mwenyewe."

"Mjomba, mama ni mgonjwa."

"Hata mimi ni mgonjwa. Niinue."

Waliingia chumbani wote watatu. Bi Mwanakuu aliwaona wameingia, akamwangalia Mwanaesha kwa jicho la chuki ambalo Mwanaesha hakuwahi kuliona kwa miaka yote ya kuishi naye. Kisha akamwona kakake.

"Mama, ni kweli?" Badawi aliuliza.

"Mwambie Kasyoka asiende."

"Sikukuuliza hilo, mama."

"Nami n'mekwambia. Mwambie asiende."

Badawi alikaa juu ya sanduku la nguo kama mtu aliyekatwa miguu. Alikuwa ametukana, ametisha kwa polisi, amemnyanyulia mkewe mkono, yote kwa ajili ya jambo ambalo mamake alilijua tangu mwanzo. Aliposema, hakumtazama mtu.

"Mwanaesha, nenda kamwambie abaki."

"Mimi?"

"Nani tena?"

*

Kasyoka alikuwa ameshamaliza. Vyungu vilikuwa ndani ya karai, nguo ndani ya shuka iliyofungwa fundo, na Ketty amelazwa karibu na mlango juu ya kipande cha mkeka, awe wa mwisho kubebwa. Mwangaza wa mwisho wa jua ulikuwa juu ya ukuta.

"Kasyoka, wasema ubaki."

"Nani amesema?"

"Mama."

"Amesema nini kuhusu mboga?"

Mwanaesha alisita. "Amesema ubaki."

Kasyoka alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Yule jirani wenu ameshaambia mtaa mzima nimelisha watu sumu. Kesho nikienda bombani wanawake watafunika ndoo zao. Nikibaki hivi hivi, Mwanaesha, nitakuwa mchawi aliyesamehewa. Kioko atarudi akute jina hilo mlangoni. Afadhali nilale stesheni."

"N'mesema mimi," alisema Mwanaesha. "N'memwambia bwanangu kila kitu."

"Umesema sasa. Nilipokuita hukusema."

Mwanaesha aliinama akaunyoosha mkeka wa Ketty.

"Aje mwenyewe," alisema Kasyoka. "Aje aseme hapa, sauti ifike kwenye lile dirisha. Vinginevyo naondoka."

"Hawezi kushuka ngazi. Hata kukaa hawezi."

"Basi." Kasyoka aliinama akaanza kulivuta karai.

Lakini ua wa Mji wa Kale hauna siri, na dirisha la Bi Mwanakuu lilikuwa wazi. Mwanaesha alipopanda mbio alimkuta ameshaketi kitandani, miguu inaning'inia, anapumua kwa taabu.

"Nipe leso," alisema.

"Ipi, mama?"

"Ile mpya."

Mwanaesha alimfunga leso ile. Badawi alikuja kumshika, mamake akamsukuma. Kwenye ngazi alitembea mwenyewe, kiganja ukutani, akisimama kila hatua, na Mwanaesha mbele yake akiwa tayari kumpokea. Katikati ya ngazi kizunguzungu kilimpata, naye akaunyakua mkono wa Mwanaesha akaung'ang'ania bila kumtazama usoni. Kule ng'ambo dirisha la Bi Nana lilikuwa wazi, na vichwa ndani yake vilikuwa vitatu.

Chumba kile cha uani kilikuwa mali ya Bi Mwanakuu. Tangu Kasyoka akipange, Bi Mwanakuu hakuwahi kusimama mlangoni pake. Alikuwa akiingia tu, akifunua vyungu, akiuliza mbona moto mkubwa. Leo alisimama nje ya kizingiti.

"Hodi," alisema.

Ndani kimya. Mlango ulikuwa wazi, na mgongo wa Kasyoka ulionekana, ameinama juu ya mizigo. Hodi ni tatu, hilo kila mtu pale alilijua. Aliyepiga tatu asiitikiwe hugeuka akaenda zake, wala hana haki ya kunung'unika.

"Hodi."

Mwanaesha alihisi kucha za mavyaa yake zikimwingia mkononi. Ghorofani Mjomba Abdulghafur alikuwa ameegemea dirisha, Badawi nyuma yake. Mwanaesha alimwomba Mungu kimoyomoyo, wala hakujua anamwombea yupi kati ya wale wanawake wawili.

"Hodi, Kasyoka."

"Nani?" Kasyoka aliuliza bila kugeuka.

"Ni mimi, Mwanakuu."

"Unataka nini, mama?"

Bi Mwanakuu alitaka kusema kwa sauti ya chini, ilionekana mdomoni. Kisha akanyanyua kidevu kuelekea dirisha la Bi Nana, na sauti ikatoka, imekwaruza kwa kutapika, lakini ilisikika ua mzima.

"Mboga n'lichuma mimi. Sikupewa na mtu. N'lichuma hukuwako, kwa kuwa sikutaka kukuomba." Alivuta pumzi. "N'liiba."

Vichwa vya dirishani vikawa viwili, kisha kimoja. Ghorofani Abdulghafur aligeuka akaondoka dirishani, na hakuna aliyejua kama alikwenda kulala au alikwenda kutafuta gari la kumpeleka dada yake Makupa.

Kasyoka alikuja mlangoni. Alimtazama bibi yule kuanzia leso mpya mpaka miguu iliyovimba, akamtazama na Mwanaesha. Kisha akausogeza mzigo wa nguo kwa mguu, pakapatikana njia.

"Karibu," alisema. "Angalia usimkanyage Ketty."

Bi Mwanakuu aliuachilia mkono wa Mwanaesha, akavua ndara zake kizingitini, akaingia.